Mabirika Mawili ya Mama

Baba, shikamoo.

Nimeishikilia kalamu hapo kidogo nikisubiri marahaba yako. Basi nitajiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya asubuhi kabla hujanywa chai, sauti ya mtu asiyetaka kusemeshwa, halafu tuendelee.

Mimi mzima. Mama naye ni mzima sasa. Nasema "sasa" kwa sababu kuna habari, na nitakueleza yote toka mwanzo, ila usinikatize. Ulipokuwa hai ulikuwa unanikatiza kila nikifika patamu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, huna pa kwenda. Astaghafirullahi, tazama maneno ninayomwambia marehemu. Lakini mdomo huu nimeurithi kwako, kila mtu Katwe anajua, na Kampala nzima.

Mwezi wa tano huu tangu uanguke pale karakanani na mkasi wa bati mkononi. Mama amemaliza eda juzi. Miezi minne na siku kumi amekaa ndani, hajavuka kizingiti cha nje, hajapaka wanja, hajagusa manukato. Wanawake walikuwa wanamjia kutoka Kibuli, kutoka Kisenyi, wengine siwajui hata kwa sura, wanakaa naye mkekani, wanasoma, wanalia kidogo, wanasengenya kidogo, na kila mmoja lazima apate kikombe. Wewe unamjua mkeo. Mgeni hatoki kwake na midomo mikavu, hata katika wakati huu ambao sukari imekuwa kitu cha kuulizana kwa kunong'ona. Tulitia sukari guru, tukazidisha tangawizi, watu wakanywa wakashukuru.

Kwa hiyo birika lako halikupumzika. Unalijua ninalosema, lile kubwa ulilomtengenezea Mama mwaka nilioolewa, lenye mdomo uliopinda kidogo kushoto kwa sababu ulikuwa na hasira na mkwe wako mtarajiwa. Lilikaa juu ya sigiri ya mkaa toka alfajiri mpaka Isha. Na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ulipotuacha, sigiri ilikuwa uani, chini ya kile kibanda chako cha mabati. Sasa uani hakukaliki. Jua likianza tu kushuka kila nyumba inafunga mlango, inatia komeo, inapunguza redio. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, yule aliyekuwa akiazima koleo zako bila kurudisha, alichukuliwa mchana kweupe akiwa uani kwake anakata kucha. Gari la askari likaja, likaondoka naye, na koleo zako mpaka leo ziko kwake. Mama aliona yote kupitia tundu la ukuta. Tangu siku hiyo hakutaka kuonekana uani. Halafu mvua zikaja. Sigiri ikaingia ndani, madirisha yakafungwa, na Mama akakaa nayo chumbani na tasbihi yake.

Nilisema. Wallahi nilisema. Akaniambia mkaa ukishashika vizuri hauna moshi, basi una ubaya gani.

Asubuhi moja nilitoka kwenda bombani kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu, nikachelewa. Niliporudi nilisikia birika likisema toka nje, kifuniko kinacheza, nikajua maji yamechemka na Mama hajaepua. Nikaita, kimya. Nikasukuma mlango. Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, midomo myekundu isivyo kawaida, anajaribu kuniambia kitu na ulimi hautaki. Tasbihi ilikuwa imemponyoka. Nilimshika chini ya makwapa nikamburuta mpaka uani kwenye mvua, eda au si eda, Mungu atanihukumu mwenyewe. Alitapika. Alilia kichwa kinamuuma. Baada ya muda mrefu akauliza kwa nini amelowa.

Nesi anayekaa nyuma yetu alikuja kumtazama. Akanivuta pembeni, akaniambia mkaa kwenye chumba kilichofungwa una hewa isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo inalaza watu moja kwa moja. Alisema, "Leo umemkuta amekaa. Siku nyingine utamkuta amelala." Maneno hayo niliyabeba kifuani wiki nzima, Baba. Nilikuwa nimekuzika wewe, udongo wako haujakauka, na sasa naambiwa nijiandae tena.

Siku ya pili yake sigiri ilikuwa ndani tena.

Nilimuuliza Mama kwa upole kwanza. Nikamwambia nitachemsha mimi uani, nitamletea chai kwenye chupa, asiguse kitu. Akakubali kwa kichwa. Nikigeuka, birika liko ndani. Nikificha mkaa, anautafuta. Mwisho nikaketi mbele yake nikamwambia sitoki hapo mpaka anieleze anataka nini. Akacheza na ncha ya kanga yake, akasema bila kunitazama, "Nikilisikia, naona kama baba yako yuko hapo nje anagonga."

Hata mimi nalisikia hivyo.

Unakumbuka kifuniko changu cha kwanza? Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa yule mwanamume, na kisanduku kimoja na jicho limevimba. Hukuniuliza kwa nini nimerudi. Ulinipa mkasi wa bati ukaniambia kata duara. Watu wa karakana za jirani walicheka, mwanamke gani huyu anagonga bati Katwe, ukawaambia huyu ndiye atakayewashona midomo kwa lehemu. Nikakata kifuniko, nikakikunja ukingo, nikakiweka juu ya birika, kikabana sawasawa, hata unyoya haupiti. Nilijivuna kweli. Wewe ukakigonga kwa ukucha, ukanirudishia. Ukasema, "Hiki ni bubu. Mama wa watu yuko chumbani ananyonyesha, atajuaje kama maji yamechemka?" Ndipo ukanionyesha kuacha nafasi ya unene wa ukucha pande zote, na kuinua kitovu cha kifuniko kidogo, ili mvuke ukija ukinyanyue na kukiangusha. Kila fundi Katwe anatengeneza birika. La kwako peke yake ndilo lilikuwa linaita. Wateja walikuwa wanakuja wanauliza kwa Kiganda chao, iko wapi ile binika inayoongea?

Na Mama alikuwa analijibu. Birika likianza, akiwa bafuni, akiwa kwenye kufua, utamsikia, "Nyamaza, Baba Rehema, nimekusikia." Ulikuwa ukicheka kila siku, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia.

Sasa nikakumbuka birika la umeme.

Usikunje uso. Najua ulivyokuwa ukiliona. Ni lile la Mama Shirini, mshona nguo aliyekuwa mkabala na karakana yetu. Wahindi walipopewa siku zao za kuondoka, alikuja analia, akakukabidhi birika lake linalong'aa. Akasema ameruhusiwa kubeba kidogo sana, afadhali limchemshie chai mke wa fundi kuliko kuchukuliwa na asiyemjua. Tukalileta nyumbani kwa shangwe. Baada ya siku mbili tatu likatoweka. Nilipouliza ulinitazama kwa uzito wa fundi mkuu ukasema, "Nimelijaribu. Halifai." Na miaka yote hii mteja akikuuliza, fundi, ninunue la umeme au la mkaa, unatingisha kichwa, unasema mimi la umeme nimelijaribu. Nami nilikuamini. Nilidhani ulikaa nalo, ukalipima, ukaona kasoro ya kitaalamu.

Nilitafuta nyumba nzima, nikalikuta kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda chenu. Lilikuwa limefungwa kwenye kanzu yako kuukuu. Nikalifungua. Baba. Miguu yake yote mitatu imeyeyuka na kugandamana, mkono umepinda, tako lote jeusi tii kwa masizi.

Nikampelekea Mama, nikamuuliza nini hiki. Akaliangalia. Akaangalia mlango, kana kwamba wewe ungeweza kuingia. Halafu akaanza kucheka. Mama yangu, aliyekuwa hajacheka tangu siku uliyotolewa hapa nyumbani kwenye jeneza, alicheka mpaka akashika ubavu, akakohoa, akacheka tena, machozi yakamtoka. Akaniambia ulimwapisha asiseme. Mimi nilikuwa sokoni, umeme ulikuwa umekatika, nawe ulikuwa na hamu ya kulijaribu, huwezi kungoja. Ukasema birika ni birika. Ukaliweka juu ya sigiri.

Juu ya sigiri, Baba! Wewe, fundi!

Akasema nyumba ilijaa moshi mweusi, majirani wakaja kuuliza nani anachoma tairi, ukawaambia ni dawa ya mbu. Ukalizima kwa maji ya udhu. Na usiku ule ulilala umegeukia ukutani kwa aibu, Mama anajifanya haoni. Ndiyo maana ya "nimelijaribu, halifai". Miaka minne umewazuia watu wa Katwe kutumia umeme kwa sababu ya ubishi wako mwenyewe. Tulicheka tukashikana mikono. Ilikuwa mara ya kwanza jina lako kutajwa nyumbani humu bila mtu kuinama.

Nikalitia kikapuni, nikaenda kwa Ssalongo, yule fundi wa redio na pasi aliye nyuma ya mtaro. Na hapa nataka kuungama jambo, maana uliniusia mara nyingi na mimi nikasahau.

Sisi Kiswahili tumekinyonya. Babu yako alipanda nacho kutoka pwani na mizigo ya nguo, akaoa hapa, akazikwa hapa, na sisi tunaota kwa Kiswahili. Lakini siku hizi Kiswahili mlangoni mwa mtu ni buti la askari, maana wao ndio wanaogonga kwa Kiswahili. Uliniambia, ukifika kwa watu anza kwa Kiganda, taja jina langu, kisha ndipo useme shida yako. Siku ile kichwa changu chote kilikuwa kwa Mama. Nilifika mlangoni, nikagonga kwa kiganja, nikasema kwa sauti yangu hii isiyo na adabu, "Hodi! Fungueni upesi."

Redio ikazimika. Kikombe kikaanguka ndani, kikavunjika. Halafu nikasikia dirisha la nyuma linafunguliwa na mtu anaangukia matopeni. Nilijua nimefanya nini. Nikapiga magoti palepale kizingitini na kikapu changu, nikaita kwa Kiganda, tena kwa sauti ya chini, kwamba ni mimi, Rehema, binti wa fundi bati, nimeleta binika. Nikarudia. Nikarudia tena. Mkewe akafungua mlango kwa ufa, akaniona, akakaa chini hapohapo akalia. Ssalongo akazunguka kutoka nyuma, kiatu kimoja mguuni, matope mpaka magotini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasema, "Mutoto ya fundi, leo umenifanya naruka dirisha na hii mvi yangu." Ndipo akaanza kucheka, mkewe naye akacheka huku analia, na mimi nikaomba radhi mpaka wakanikataza. Kikombe nimewalipa kwa kingine cha bati, chenye mkono, nitakueleza nilikitengeneza lini.

Ssalongo ni mtu, Baba. Alilifungua birika, akasema koili yake nzima kabisa kwa sababu ulilitia maji kabla ya kulichoma, kwa hiyo akili kidogo ulikuwa nayo. Mpira wa ndani uliokuwa umeungua akaukata upya kutoka tyubu ya baiskeli. Waya akautoa kwenye pasi mbovu. Miguu alichonga mitatu ya mti mgumu. Akanifundisha: maji kwanza, waya baadaye, na likichemka lichomoe mwenyewe, maana halijizimi. Maji yakiisha koili inaungua, na koili nyingine Kampala hii hakuna.

Nikarudi nyumbani nimeshinda. Nikalichomeka kwenye ile soketi moja uliyoweka kwa ajili ya redio. Nikamwonyesha Mama, hakuna mkaa, hakuna kupuliza, hakuna kikohozi. Yeye akalitazama kama mgeni asiyejua kusalimia. Nikamwachia nikaenda soko la Owino kutafuta majani ya chai.

Unajua kilichotokea. Mama alikaa nalo, akavuta uradi, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Kifuniko cha Mama Shirini kimebana sana, mvuke unatokea mdomoni kimya kimya. Nilipoingia chumba kizima kilikuwa mvuke, maji yamebaki kijiko, na birika linatoa harufu ya moto. Nilirukia waya. Bahati tu koili haikuungua. Mama akasema, "Umeona? Hili halisemi. Baba yako alijua." Akainuka kwenda kuleta sigiri.

Na mimi nikamfokea. Nisamehe, Baba. Mjane katika eda yake, mama yangu mzazi, nilimsimamia mlangoni nikamwambia, "Utakufa kwa ajili ya kifuniko!" Akaiweka sigiri chini taratibu. Akasema, "Ndicho kilichobaki cha kunisemesha." Akaenda kulala mchana ule bila kula.

Sijawahi kujichukia vile. Nilikaa uani mvua ikininyeshea, sikujali nani ananiona. Nilikuwa nikijiuliza nichague lipi, la mkaa ambalo litamuua huku akisikiliza sauti yako, au la umeme ambalo litamwacha hai katika nyumba bubu. Nilikulaumu na wewe. Nilisema, ungekuwa mtu wa kawaida, ungetengeneza birika la kawaida, tungekusahau kwa utaratibu kama watu wanavyosahauliwa.

Kesho yake nikachukua ufunguo wa karakana.

Sikuwa nimeingia humo tangu siku ile. Nilikuwa napita upande wa pili wa barabara. Mlango ulikuwa mzito kwa mvua. Ndani kila kitu kiko vile: kopo lako la chai lenye ukungu, kofia yako msumarini, na mkasi sakafuni pale ulipokuponyoka. Juu ya meza lile birika la mwisho, mwili umekamilika, mdomo umelehemiwa, halina kifuniko. Nililia nikamaliza. Kisha nikaokota mkasi. Ulikuwa umeanza kushika kutu, nikaupaka mafuta.

Kigezo chako cha vifuniko kilikuwa ukutani, lakini mdomo wa birika la umeme ni mdogo zaidi, hakikufaa. Nikapima kwa uzi ulivyonifundisha. Nikakata bati la debe la mafuta, nikaacha nafasi ya ukucha, nikainua kitovu, nikalehemu kishikio. Nikakimbia nyumbani nacho bado kina joto.

Mama alikaa mkekani, hataki kunitazama, lakini masikio yako wazi, ninamjua. Nikatia maji, nikachomeka, tukangoja. Kikaanza. Kikalia haraka haraka, sauti nyembamba, tititi kama meno ya mtu mwenye baridi. Mama akasema, "Huyo si yeye." Lakini alikuwa amesema kitu, na mimi nilikuwa sijasemeshwa tangu jana.

Nikarudi karakanani. Nilifikiri ni uzito, nikakata bati nene zaidi. Cha pili kikatoa sauti nzito inayokokota, kinanyanyuka mara moja, kinasahau. Mama akakisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu ndiye, lakini ana mafua." Nikamtazama, nikaona pembe ya mdomo imepanda.

Cha tatu kilinichukua siku mbili. Hapo katikati ndipo nilipotengeneza kikombe cha mke wa Ssalongo, kutuliza mkono. Nilikaa nikakumbuka mikono yako, si maneno yako, maana maneno yako mengi yalikuwa matani. Nikaona unavyokunja ukingo, kisha unachukua nyundo ndogo na kuugonga mahali pamoja tu, karibu na kishikio, pigo moja, halafu unakiweka. Nilikuwa nikidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyogonga meza akimaliza kazi. Siyo mazoea. Pigo hilo linafanya upande mmoja uwe mzito kidogo, kifuniko kinanyanyuka upande mmoja na kuangukia wa pili, ndiyo maana kinagonga mara mbili kisha kinapumua. Kumbe ulinificha hilo, au ulingoja nione mwenyewe. Nikagonga pigo moja.

Nilifika nyumbani wakati wa Alasiri. Wanawake wawili walikuwa wamekaa na Mama, mmoja anasuka ukili. Nikatia maji, nikaweka kifuniko, nikachomeka, nikajifanya napanga vikombe. Mazungumzo yakaendelea, bei za vitu, nani kavuka kwenda Kenya, nani karudi. Halafu kikaanza. Kikagonga mara mbili, kikapumua. Kikagonga mara mbili, kikapumua.

Mama alikuwa katikati ya kusema neno. Wala hakulikatiza, wala hakugeuka. Akasema tu, kama alivyosema miaka thelathini, "Nyamaza, Baba Rehema, nimekusikia." Akanyoosha mkono akachomoa waya mwenyewe.

Wale wanawake hawakujua kilichotokea. Mmoja akaniuliza kwa nini namimina chai nje ya kikombe.

Tangu siku hiyo sigiri haijaingia ndani. Birika lako kubwa nalo halikutupwa, usinune. Liko uani kibandani, linangoja watu wengi, na juzi siku ya kumaliza eda lilitoka likafanya kazi yake peupe, jua linawaka, wanawake wamejaa. Mama alikaa kwenye kiti chako uani. Aliangalia lile tundu la ukutani alilomwonea jirani akichukuliwa, kisha akaliziba kwa matambara akaendelea na wageni wake. Umeme ukikatika, maana unakatika, tunatoka nje au tunakunywa maji ya mtungi. Hakuna mtu atakayeweka la umeme juu ya mkaa tena. Hilo tumewaachia mafundi wakuu.

Kikohozi kimepungua. Usiku analala. Asubuhi ananiamsha kwa kelele, ameanza tena kunisema kuhusu nywele zangu.

Na kuna jambo jingine. Mke wa Ssalongo alisikia birika letu, akataka kifuniko kama hicho kwa la kwake. Naye akamwambia mtu. Kumbe nyumba nyingi hapa mjini zina mabirika ya umeme waliyoachiwa na Wahindi waliokwenda, na wote wanayaunguza kwa sababu ni mabubu. Wiki hii wameniletea matano. Nimeyapanga juu ya meza yako. Jumamosi nafungua mlango wa karakana wote, mbawa zote mbili, sio kwa ufa. Waliosema mwanamke gani huyu anagonga bati, nimewasikia wameanza kusema fundi.

Lile birika lako la mwisho nalimalizia kesho, kifuniko na pigo lake. Aliyeliagiza hajaja kulichukua na sijui kama bado yuko hai. Litamngoja.

Nakuahidi mambo mawili, Baba, usiniongezee. Kila kifuniko kitakachotoka mkononi mwangu kitaita. Na mlangoni mwa watu nitaanza kwa Kiganda, nitataja jina lako, nitashusha sauti, mpaka siku ile ambayo mtu atapiga hodi kwa Kiswahili chetu hapa Kampala na wenye nyumba wakaitikia karibu bila kuangalia dirishani. Itakuja. Mama anasema itakuja, naye siku hizi ana uhakika wa kila kitu.

Barua hii nitaiweka ndani ya birika kubwa la Mama mpaka wageni wajao, kisha nitaihamishia kwenye sanduku la mbao, kwenye kanzu yako. Lala salama, fundi wangu. Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe na wa kubishana naye.

Unagonga sasa hivi, mara mbili, unapumua. Mama yuko bafuni na amenipigia kelele nikujibu mimi.

Nyamaza, Baba. Nimekusikia.

Mwanao,
Rehema